Upepo wa tairi: namba iko mlangoni, sio ubavuni

Simama kwa fundi pancha yeyote hapa Dar umwambie ajaze upepo, atakuuliza "boss niweke ngapi?" na ukisita kidogo tu ashaweka 40 kote, mbele nyuma, iwe Vitz iwe Noah. Ukibisha anakuonyesha ubavu wa tairi, "si hii hapa imeandikwa 44". Sasa hiyo 44, na nyingine zina 51, ndo mwisho wa upepo ambao tairi lenyewe linaruhusiwa kubeba, halijui limefungwa kwenye gari gani.

Namba yako fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Hizi gari zetu za Japani maandishi ni ya kwao ila tarakimu zinasomeka, utaona saizi ya tairi halafu upepo kwa kPa, gawanya kwa 6.9 unapata PSI, ndo kipimo wanachotaja mafundi. Yangu ni 230 mbele na 220 nyuma, yaani 33 na 32, basi. Ukiwa umeshabadili saizi ya tairi, hiyo stika ichukulie kama pa kuanzia tu.

Pima asubuhi gari imelala. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, mtu katoka Dar jua kali, kafika Chalinze anapima anakuta 37, anaanza kutoa upepo mpaka 33, usiku tairi likipoa Dodoma huko limebaki 29 na kesho yake anaendelea na safari hivyohivyo. Acha hiyo 37, ni joto tu. Tairi lenye upepo mdogo ndo la kuogopa kwenye mwendo mkali, maana ubavu unajikunja kila linapozunguka, linapata moto mpaka linapasuka.

Mimi nikiwa mjini peke yangu nabaki na namba ya stika. Desemba tukipanda Moshi watu watano na buti limejaa mpaka mchele, naongeza 2 au 3 nyuma, asubuhi kabla ya kuondoka. Barabara ya mashimo siongezi kitu, tairi gumu linadunda na mzigo wote unaenda kwenye shokapu na bushi, na mvua ikinyesha ndo kabisa, breki unashika gari inateleza. Kwenye mchanga wa Kigamboni huko napunguza hadi 20 hivi, naenda polepole, ila nina kipampu cha kuchomeka kwenye sigara laita, bila hicho usithubutu maana utarudi vipi kwenye lami?

Geji nunua ya kwako, zile za mafundi zinaanguka chini kutwa nzima. Halafu uwe unaangalia tairi linavyolika: katikati limeisha umezidisha upepo, pembeni zote mbili umepunguza, upande mmoja tu hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajakaa sawa, usimsumbue mtu wa upepo. Naitrojeni sijawahi kulipia, hewa ya kawaida yenyewe asilimia 78 ni naitrojeni.

Na ile spea nyembamba ndo kituko, hiyo kweli namba yake isome ubavuni na nyingi zinataka 420 kPa, yaani 60 PSI. Ukimtajia fundi 60 atakuangalia kama umechanganyikiwa, mwonyeshe tu palipoandikwa. Na ukiifunga usizidishe spidi 80.