Jibu: MX-5 ya rangi ya chungwa, ninunue?

Ndugu yangu, umeuliza kama Mazda MX-5, kile kigari cha michezo cha viti viwili, ya toleo la rangi ya chungwa la kuadhimisha miaka 30 ya modeli hiyo, yafaa kuongezewa pesa juu ya ile ya kawaida. Zilitoka 2019, 3,000 tu dunia nzima, rimu za kampuni ya Rays, viti vya kampuni ya Recaro. Injini? Ileile. Mimi nisingeongeza hata shilingi.

Hapa Malindi chumvi ya bahari haijui toleo maalumu. Gari langu nililaza nje kule Casuarina, bolti za chini zikaota kutu mpaka spana ikawa inateleza. Na matuta! Gari la chini hivyo utasikia krrr, moyo unakupasuka.

Ukilipata, inama na tochi kwanza, rangi baadaye. Halafu hesabu miaka: Kenya gari la kuagiza kutoka nje likizidi miaka 8 haliingii.