Leseni za programu ofisini: amua kabla kadi haijakatwa

Kwenye biashara ndogo nyingi ninazozijua, leseni ya programu haikatiki kwa sababu hela hamna. Inakatika kwa sababu anayejua tarehe yake ni mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo, amehama kazi, au taarifa imetumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Upande wa pili kuna hasara ya kimyakimya: leseni inayojihuisha yenyewe mwaka hadi mwaka, wakati kijana aliyekuwa akiitumia alishaondoka. Nasimamia hesabu na manunuzi kwenye ofisi ya usanifu na uchapaji hapa Arusha, na hii ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hakuna anayekuja mezani kuilalamikia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Pembeni ya tarehe ya leseni kuisha, andika tarehe ya kuamua. Sisi tunaiweka siku 45 kabla. Muda huo unatosha kuomba profoma (ankara ya bei kabla ya kununua) kwa wakala, bosi kuipitia na kusaini, benki kumaliza mambo yake, na kama tunafikiria kuhamia programu nyingine, kuijaribu kwenye kazi ya kweli. Mstari wa antivairasi kwenye jedwali letu la Excel unasomeka hivi: kompyuta nane, inaisha 3 Machi, kuamua 17 Januari, akaunti ni ya ofisi, inalipwa kwa kadi ya manunuzi ya mtandaoni, bei ya mwaka jana, na jina la anayehusika. Bei ya mwaka jana msiiache. Kampuni nyingi hukuvutia na bei ya chini mwaka wa kwanza, halafu wakati wa kuhuisha inakuja bei kamili.

Siku ya kuamua ikifika, naenda kwa anayeitumia na kumuuliza swali moja: mara ya mwisho umeifungua lini, kwa kazi gani? Sitaki kuambiwa "tunaihitaji". Msanifu wetu mmoja, nilipomuuliza kuhusu programu za Adobe, alinijibu, "Dada, zile nyingine nafungua tu nikiletewa faili la mteja wa Nairobi. Mimi kazi zangu zote ni Illustrator." Jibu la namna hiyo lina pesa ndani yake, kwa sababu Adobe wanauza programu moja moja na wanauza pia kifurushi cha programu zote, na bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Kuna sababu nzito ya kutosubiri siku yenyewe. Mikataba mingi inayoonekana ya mwezi ni ya mwaka, ila malipo ndiyo yamegawanywa kwa miezi. Kwa mpango wa Adobe wa mtu mmoja wa aina hiyo, ukivunja baada ya siku 14 za mwanzo unadaiwa asilimia 50 ya kilichobaki kwenye mkataba. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwafikisha mahakamani ikidai ada hiyo haikuwekwa wazi kwa wateja. Sisi tulio mbali na mahakama hizo dawa yetu ni kusoma masharti kabla ya kubonyeza. Microsoft 365 ya biashara nayo, ukiichukua kwa mwaka, kupunguza idadi ya watumiaji kunaruhusiwa ndani ya siku 7 tu baada ya kununua au kuhuisha. Siku ya nane ukikumbuka kwamba watumishi wawili walishaondoka, utawalipia hadi mwaka uishe.

Leseni ikishapita tarehe, jua una muda gani. Microsoft 365 ikiisha, kwa kawaida mnaendelea kufanya kazi kwa siku 30. Baada ya hapo zinakuja siku 90 ambazo msimamizi peke yake ndiye anayeweza kuingia, kisha data huanza kufutwa. Jina la tovuti linaloishia na .com lina njia yake: msajili, yaani kampuni uliyosajili jina kwake, anaweza kukupa muda wa ziada usiozidi siku 45, halafu kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 na jina linaachiwa, yeyote anaweza kulichukua. Muda huo wa ziada msiutegemee, maana msajili halazimiki kuutoa wote, na tovuti pamoja na barua pepe zinaweza kuzimika mapema kabisa.

Hapo kwenye jina la tovuti ndipo naomba mtu anisikilize vizuri. Fundi aliyetutengenezea tovuti ya kwanza alisajili jina la ofisi kwa jina lake na barua pepe yake binafsi. Taarifa zote za kulipia zilikuwa zinakwenda kwake, na alipobadilisha namba ya simu, kurudisha jina letu wenyewe likawa suala la kubembelezana. Fungua akaunti zote kwa barua pepe ya ofisi, na iwe inasomwa na watu wawili. Ile barua pepe ya kusimamia jina la tovuti isiwe ndani ya tovuti hiyohiyo, kwa sababu jina likizimika na barua ya kukuonya haitafika. Tazama pia namba ya simu inayopokea namba za siri za uthibitisho wakati wa kuingia. Ikiwa ni laini ya mtumishi, siku akiondoka anaondoka na ufunguo. Nunua laini ya ofisi, isajiliwe kwa jina la kampuni, ikae kwenye simu ndogo ndani ya kabati la fedha.

Malipo sasa. Tenga kadi moja kwa manunuzi ya mtandaoni, iwe ya benki au ile ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, na uiwekee kiasi kinachohitajika tu. Tarehe ya kadi yenyewe kuisha iandike kwenye jedwali kama leseni nyingine, maana kadi mpya ikija na namba mpya, programu zote zilizoshikamana na ile ya zamani zitakataa kukata. Na panga bajeti kwa dola huku ukiacha nafasi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Leseni ileile bila kupandishwa bei, shilingi zinazotoka ni nyingi zaidi. Muuzaji wa nje hatakupa risiti ya EFD, ile ya mashine inayotambuliwa na TRA, kwa hiyo ongea na mshauri wako wa kodi kabla ya kufunga mwaka. Wakala wa hapa nchini anaweza kuwa ghali kidogo, lakini anakupa risiti na unamlipa kwa shilingi. Kwetu hilo lina uzito.

Kraki, yaani mafaili ya kuvunja ulinzi wa programu ili itumike bila leseni, siziungi mkono kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na mafaili hayo ni mlango wa virusi. Pasipo na hela kuna njia halali: kompyuta yetu ya mapokezi inatumia LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, na barua zinatoka vizuri. Kwa kazi ya kuchapa, Scribus, nayo ya bure, inaielewa CMYK (mfumo wa rangi nne za uchapaji), ila wasanifu wanahitaji muda wa kuizoea, msiwabadilishie katikati ya kazi.

Tarehe nazo zinasogezeka. Novemba na Desemba kwetu ni kalenda na diari, mashine hazilali, na Januari kila mtu ana ada za shule. Tuliomba wakala wetu atusogezee leseni za usanifu zikaishe Agosti, akatupigia hesabu ya miezi michache ya katikati, basi.

Kama hujui uanzie wapi, chukua taarifa ya benki ya miezi 12 iliyopita na uweke alama kwenye kila makato ya dola. Jina usilolitambua usilifute siku hiyohiyo, ulizia ofisi nzima kwanza, maana mengine hutokea kwa jina la kampuni inayopokea malipo na programu yenyewe haitajwi popote.