Futa hiyo michoro mitano kabla ya Jumamosi

Mkuu, umeandika kwamba una timu ya mpira wa kikapu ya watoto wa miaka 10 na 11 na unataka kuwakaririsha michoro mitano ya kushambulia, ile mipango ya nani aende wapi na nani apewe pasi, kabla ya bonanza. Futa. Wengine hapo hata kudunda kwa mkono wa kushoto bado, unataka wajue nani aweke skrini, yaani asimame kumzibia mkabaji njia, na nani azunguke wapi?

Michoro kama hiyo nilipewa na mkufunzi wa semina. Alituambia timu isiyo na michoro si timu, wala hakusema kwamba alichotugawia ni cha watu wazima, ambao kila shambulizi wana sekunde 24 tu za kurusha kikapuni. Linaniuma mpaka leo, maana walioumia ni watoto. Mazoezini, bila mtu wa kuwakaba, mambo yalikwenda safi. Siku ya mechi gadi wetu, yule anayeanzisha mashambulizi, akabanwa kidogo tu, pasi ya kwanza ikakosa pa kwenda, basi, kila kitu kikafa. Akageuka kunitazama. Wenzake wanne wameganda kila mmoja kwenye namba yake, ile nafasi aliyopangiwa kwenye mchoro, mmoja ananipigia kelele, "Kocha, sasa niende?" na mbele ya kikapu kuko wazi kabisa! Aliyekuwa mwepesi kuliko wote akaacha kuja. Mama yake akaniambia mtoto anaogopa kukosea namba.

Wafundishe hili tu: ukitoa pasi, usisimame. Kata kwenda kikapuni huku unautazama mpira. Usipopewa, tokea upande wa pili, na aliye karibu ajaze nafasi uliyoacha. Wacheze tatu kwa tatu, nusu uwanja, na kudunda marufuku. James Naismith alipouanzisha mchezo huu Springfield, Marekani, mwaka 1891, kanuni zake zilikataza kukimbia na mpira. Uliudaka, ukautoa pale pale. Mwanzoni itakuwa vurugu. Watamrundikia mwenye mpira, mikono juu, "nipe, nipe!" Panga chupa tano za maji kuzunguka nje ya eneo la sekunde tatu, lile boksi lililochorwa mbele ya kikapu, mita nne hivi kati ya moja na nyingine, na chupa moja isikaliwe na wawili. Watoto watatu, chupa tano: daima kuna pa kukimbilia. Subiri uone mkabaji anavyogeuza kichwa kuufuata mpira, na yule aliyetoa pasi anapita mgongoni mwake, anarudishiwa, anafunga. Wakishaonja bao la namna hiyo wataanza kukata wenyewe bila kuambiwa. Kudunda warudishie baadaye, tena mdundo mmoja, wa kwenda kikapuni.

Mpira tumia saizi namba 5, ule mdogo wa watoto, na kama ringi inashuka, ishushe mpaka mita 2.60. Ile ya mita 3.05 inawafanya wautupe kutoka kiunoni.

Jumamosi ukipata saa moja tu ya mazoezi uwanjani, yote iwe tatu kwa tatu.