Askari wa sururu

SWALI: Mzee, jambo sana. Mjomba wangu alisoma Prague miaka ya 1960. Anasema baba mwenye nyumba aliyokuwa akipanga alitumikia jeshi bila kushika bunduki. Alichimbishwa makaa ya mawe, kisa baba yake alikuwa na duka! Rafiki zangu wanacheka. Mimi nauliza: hiyo si salongo tu, ile kazi ya umma ya lazima ya enzi za Mobutu huku Zaire? – Msomaji, Katuba

JIBU: Mwanangu, rafiki zako waache kucheka. Mjomba hakudanganya.

Wakomunisti walishika serikali ya Czechoslovakia, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Prague, Februari 1948. Mwaka 1950, waziri wa ulinzi akiwa Alexej Čepička, mkwe wa Rais Gottwald, jeshi likaunda vikosi vya kazi vilivyoitwa PTP. Kijana akifika kuandikishwa, faili lake lilitangulia kusema. Mtoto wa mkulima tajiri, mtoto wa mwenye duka, padri, mseminari: wote waliweza kupewa herufi E, maana yake hawaaminiki kisiasa. Walivaa sare yenye vitambaa vyeusi mabegani, wakapewa sururu na sepeto. Wengi walishushwa kwenye mashimo ya makaa ya Ostrava na Kladno, wengine wakajenga kambi za jeshi. Mshahara ulikuwepo, lakini chakula, malazi na nguo vilikatwa humohumo.

Sasa salongo. Niliifanya, naijua: tulifyeka majani, tukazibua mifereji, jioni kila mtu kwake. Ilitukera, lakini jioni ilifika.

Mimi huwafikiria hao watu kupitia baba yangu. Alichimba katika mgodi wa Kipushi kwa mkataba wa miaka mitatu wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na kila mwezi ukiisha alichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mama alikuwa anafuta, yeye anachora tena. (Mama hakupenda mlango mchafu.) Kazi ilikuwa nzito, ila mistari ilihesabika. Wale wa herufi E, miaka miwili ya kawaida ya jeshi ikiisha, waliambiwa wabaki kwa “mazoezi ya pekee”, na siku ya kutoka haikutajwa. Hakuna mahakama iliyowahukumu, kwa hiyo hata kifungo cha kuhesabu hawakuwa nacho. Vikosi vilivunjwa mwaka 1954.

Muulize mjomba kama yule mwenye nyumba alikuwa na mlango wa kuchorea. Ukipata jibu niandikie.