Mfereji wa mto, mafuriko na meli za mizigo: maswali yenu na majibu

Wiki hizi maswali ya mafuriko na mifereji yamekuwa mengi kweli, nadhani kila penye mto unaovimba watu wanaambiwa tunachimba mfereji, maji yatapungua na meli zitapita juu yake. Nimechukua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, ya kurefusha nitarefusha.

Mfereji mmoja unaweza kweli kuzuia mafuriko na hapohapo upitishe mizigo? Mi naona ni maneno ya wanasiasa tu.

Unaweza ndugu yangu, mifano ipo, ila sio rahisi kama inavyosemwa siku ya kuweka jiwe la msingi. Ugumu ni kwamba mafuriko na meli vinataka maji ya tabia mbili tofauti kabisa. Mfereji wa mafuriko unatakiwa uwe mtupu au na maji kidogo siku mvua inapoanza, ili uwe na nafasi ya kupokea, alafu yakishaingia yatoke haraka. Meli yenyewe inataka mfereji uwe umejaa mwaka mzima na maji yametulia, sababu mkondo ukishakuwa mkali tishari la mizigo halishikiki, kwenda juu linashindwa na kushuka halina breki.

Chukua mfereji wa upana mita 80 na kina mita 6. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde unapitisha mita za ujazo 480 kila sekunde, sio haba. Lakini kama hizo mita 6 zote zimeshajazwa maji yaliyolala kwa ajili ya meli, basi mvua ikinyesha huko juu inabidi malango ya chini yafunguliwe mapema, maji ya zamani yaanze kukimbia yatoe nafasi, na wakati huo vyombo vyote viwe vimeshafungwa gatini. Mtu wa bandari atasema subiri kidogo kuna mzigo njiani, na mtu wa mafuriko anaona mto unapanda. Ndo maana swali la kwanza la kuuliza kwenye mradi wa namna hii ni nani mwenye amri juu ya malango usiku wa mvua, na kama hiyo amri imeandikwa. Mi naona likikosa jibu hata michoro msihangaike kuifungua.

Wengine wameamua kutochanganya kabisa. Winnipeg kule Kanada walipata mafuriko mabaya 1950, wakachimba mfereji wa kilomita 47 kuzunguka mji kati ya 1962 na 1968, na huo hauna meli wala nini, muda mwingi wa mwaka ni bonde lenye majani tu. Mwaka 1997 mto ulipovimba tena maji yakapelekwa huko na mji ukapona. Ukiupita wakati wa kiangazi unaweza kusema hela imetupwa, kumbe ule utupu ndo kazi yenyewe.

Nieleze meli inapandaje mlima kwenye mfereji, manake maji hayapandi.

Kweli maji hayapandi, meli ndo inapandishwa, na hii kitu naipenda sana kuieleza. Mfereji unajengwa kwa ngazi, kila ngazi ni maji yaliyolala sawasawa, na kati ya ngazi na ngazi kuna chumba kirefu cha zege chenye malango mawili, la juu na la chini, wenyewe wanaita loki. Chombo kinaingia kupitia lango la chini, mabaharia wanatupa kamba kwenye vishikizo vya ukutani, lango linafungwa nyuma yao. Kuta hapo zimepanda juu kabisa, zimelowa, zina mwani wa kijani, ukiangalia juu unaona kipande tu cha anga. Alafu vali zinafunguliwa chini, maji kutoka ngazi ya juu yanaingia kwa uzito wake yenyewe, hamna pampu inayonyanyua meli, na chombo kinaanza kupanda polepole huku kamba zinahamishwa kishikizo kwa kishikizo, maana kamba ikilegea chombo kinajigonga ukutani na ikikaza sana inakatika. Maji yakilingana na ya juu lango la mbele linafunguka, safari inaendelea.

Mfereji wa kutoka mto Main hadi mto Danube huko Ujerumani, uliofunguliwa 1992, una urefu wa kilomita 171 na loki 16, na sehemu yake ya juu kabisa iko mita 406 kutoka usawa wa bahari. Yaani meli za mizigo zinavuka milima. Sasa angalieni, kila chombo kinaposhuka kinashuka na chumba kizima cha maji, hivyo loki nyingi pale zimejengewa mabwawa ya pembeni yanayopokea sehemu ya hayo maji ili yatumike tena. Kwenye mto wenye kiangazi kirefu hilo ni la lazima, la sivyo mnaangusha maji ya mashamba ili kupitisha mzigo.

Kwanini wasiunyooshe tu mto uliopo? Kona ndo zinaleta mafuriko.

Kona zinachelewesha maji, ni kweli, na kwa aliye kwenye kona hiyo ni adha. Lakini ukinyoosha mto unaufupisha, ukiufupisha mteremko unakuwa mkali zaidi, maji yanakimbia, na yale mafuriko hayajaenda popote, yameenda kwa jirani wa chini na yamefika mapema kuliko alivyozoea, tena yakiwa pamoja. Mto Rhine huko Ulaya ulianza kunyooshwa 1817 kwa mpango wa injinia Johann Gottfried Tulla, kazi ikaisha 1876 yeye ameshafariki zamani, na sehemu ya juu ya mto ikapungua urefu kama kilomita 80. Watu wa pale walipata ardhi na malaria ikapungua, sitaki kuficha faida. Ila mto ukaanza kujichimbia chini mita kadhaa, maji ya visima na misitu ya kandokando yakashuka nao, na karne ya 20 walipoongeza mabwawa na mfereji wa pembeni upande wa Ufaransa, wimbi la mafuriko lililokuwa linachukua zaidi ya siku mbili kutoka mji wa Basel hadi mji wa Karlsruhe huko chini likawa linafika ndani ya siku moja hivi. Hadi leo wanajenga maeneo ya kuyahifadhi maji kando ya mto, yaani wanarudisha kwa gharama kubwa kazi iliyokuwa inafanywa bure na mabonde.

Florida huko Marekani nako, mto Kissimmee ulikuwa unajipinda kilomita kama 166, kati ya 1962 na 1971 ukageuzwa mfereji ulionyooka wa kilomita 90 wenye kina cha mita 9, kuzuia mafuriko. Ardhi oevu ikakauka na ndege wa majini wakapotea kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi ya kuurudishia kona zake ilikamilika 2021, wakafukia kilomita kama 35 za mfereji waliouchimba wenyewe, na gharama ikakaribia dola bilioni moja. Mtu akikuambia kunyoosha ndo njia ya bei rahisi muulize hiyo bei imehesabiwa mpaka mwaka gani.

Sisi tupo chini ya mradi, hatujashirikishwa. Tudai nini?

Hili limeletwa na wengi na limenigusa, manake watu wa chini ndo hubebeshwa mzigo na huitwa mwisho, wakati mwingine wanaliona tingatinga kabla hawajaona barua. Daini kuonyeshwa ramani ya maji, sio ya mfereji tu. Ramani inayoonyesha mafuriko makubwa yanafika wapi leo na yatafika wapi baada ya mfereji, kina chake hapo kwenu na yatachukua saa ngapi kufika tangu malango yafunguliwe. Hayo masaa ndo muda wenu wa kutoa watoto na mifugo. Daini pia king'ora, na namba ya mtu wa malango iwe kwa viongozi wenu wa kijiji, sio ofisini mjini tu. Kuhusu fidia, msikubali ihesabiwe nyumba na miti peke yake, kama mnavua au mnalima kwenye tope la mafuriko, basi mafuriko madogo yakizuiwa mnapoteza rutuba na samaki kila mwaka, na hilo nalo ni hasara.

Na sio lazima kila jibu liwe kuchimba. Nijmegen kule Uholanzi, mto Waal una msongamano mkubwa wa meli na unapita kwenye kona nyembamba mjini. Badala ya kupandisha tuta walilirudisha nyuma mita 350, wakachimba mkondo wa pili pembeni, maji ya mafuriko yakashuka kama sentimita 35 na meli zinaendelea na njia yao ileile. Nyumba kama 50 zilibomolewa, haikuwa kitu chepesi kwa wenyewe.

Matuta makubwa pande zote mbili hayatoshi?

Marekani waliamini hivyo kwenye mto Mississippi, matuta tu, njia za pembeni zikafungwa. Mwaka 1927 matuta yakapasuka sehemu nyingi na zaidi ya watu laki sita wakakosa makazi. Baada ya hapo wakajenga milango ya kutolea maji kama Bonnet Carré juu kidogo ya New Orleans, iliyokamilika 1931. Tuta ni zuri, ila lazima mto uwe na pa kutokea.

Inalipa lakini kibiashara?

Inategemea kama mzigo ulikuwepo kabla ya mfereji. Mississippi tishari moja linabeba kama tani 1,500, wanafunga 15 pamoja na boti moja inasukuma, hiyo ni kazi ya malori zaidi ya 800. Nafaka ipo, mto upo, bahari ipo, inalipa. Korea Kusini wao walikuwa na bonde la kijito cha Gulpo lililofurika vibaya 1987, wakaanza mfereji wa kutolea mafuriko, baadaye wakaupanua uwe wa meli, kilomita 18 kutoka mto Han hadi baharini, ukafunguliwa 2012. Kwa mafuriko unafanya kazi. Mizigo ikaja kidogo sana, chini ya asilimia 10 ya kilichotabiriwa, kwa sababu kwa kilomita 18 nani atashusha kontena kwenye lori apakie melini alafu ashushe tena? Ushauri wangu, mradi usimame kwa miguu ya mafuriko kwanza, hesabu ya meli iwe nyongeza. Ukiona faida yote imewekwa kwenye mizigo ya miaka ijayo, ogopeni.

Mfereji wa Jonglei je? Nasikia wanataka kuufufua.

Huo ulikuwa wa kilomita 360 huko Sudan Kusini ya sasa, upitishe maji ya White Nile pembeni ya kinamasi kikubwa cha Sudd ambako karibu nusu yake inapotea hewani, Misri na Sudan wapate maji zaidi na safari za mtoni zifupike. Uchimbaji ulianza 1978, vita vikausimamisha 1984, theluthi mbili hivi zikiwa tayari. John Garang aliyeongoza waasi alikuwa ameandika shahada yake ya udaktari kuhusu maendeleo ya eneo hilohilo. Lile handaki likabaki kavu, kingo zimesimama wima, wanyama wakitumbukia wanashindwa kutoka na wafugaji wamekatwa njia. Miaka hii mafuriko makubwa yamewatesa watu huko kwa hiyo mjadala umerudi, namwelewa kabisa mtu aliyeishi kwenye maji miezi na miezi. Ila Sudd ndo inayopokea yale maji na kulisha samaki na malisho ya kiangazi, na mfereji uliopangwa kwa ajili ya watu wa chini hauwezi kuchukuliwa vilevile ulivyo ukaitwa wa kuokoa watu wa juu. Wapimwe upya, kwa mahitaji yao.

Tope linaenda wapi?

Linarudi. Maji yakipunguza mwendo yanaangusha mchanga, na mfereji wa meli ndo maji yaliyopunguzwa mwendo, kwa hiyo mnachimba tena kila baada ya muda, maisha yote ya mfereji. Kwenye bajeti tafuteni mstari wa mashine ya kuchimba chini ya maji na mafuta yake baada ya mkandarasi kuondoka, na sehemu ya kumwaga lile tope, manake likimwagwa kingoni mvua inayofuata inalirudisha palepale. Na msitu wa juu ukiendelea kukatwa, hiyo mashine haitapumzika.