Maua ya mwanzo yakichomoza bustanini: kazi ya Februari hadi Mei

Ncha za kijani zikitoboa udongo mwezi Januari, na miaka mingine hata kabla ya Krismasi, wengi wetu tunaoishi Uingereza, Uholanzi na Ubelgiji huingiwa na hofu ileile: yamewahi mno, jalidi itayaunguza. Haitayaunguza. Majani ya galantusi (snowdrop), krokasi (crocus) na narsisi (daffodil) yameumbwa kwa baridi hiyo. Kinachoyadhuru ni kuyafunika kwa plastiki au kuyarundikia matandazo mazito, kwa sababu jani likikosa mwanga hurefuka, hupauka na kulegea, kisha ukungu huingia. Ukikuta galantusi imelala chini asubuhi baada ya usiku wa jalidi, iache. Joto likipanda kidogo, bua hujaa maji tena na ua linasimama bila msaada wa mtu.

Vyungu ndivyo vinavyohitaji ulinzi. Udongo wa chunguni huganda kutoka pande zote, mizizi ikafa, na chungu cha kufinyangwa chenyewe kikapasuka. Visogeze karibu na ukuta wa nyumba, viinue juu ya vipande vya matofali ili maji yatoke chini, na usiku wa baridi kali vizungushie gunia.

Jambo ambalo wapanda maua wapya hawaambiwi mapema ni hili: ua unaloliona Februari lilikwisha kuumbwa tangu mwaka uliopita ndani ya kitunguu chake, yaani lile bonge la chini ya udongo ambamo mmea huweka chakula chake. Litachanua hata usipolifanyia lolote. Kazi yako miezi hii ni kukilisha kitunguu ili kiumbe ua la mwaka ujao, na kinachokilisha ni jani. Ndiyo maana bustani nyingi zinapendeza mwaka wa kwanza, zinapungua mwaka wa pili, na mwaka wa tatu zinabaki majani matupu. Vitunguu havikuwa vibovu. Majani yalikatwa mapema.

Galantusi ndiyo hutangulia, ikiwa na vimaua vyeupe vinavyoinama, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kwenye pakiti tafuta jina Galanthus nivalis. Inapenda kivuli chepesi chini ya miti inayopukutisha majani, kwenye udongo usiokauka kabisa wakati wa joto. Kila baada ya miaka michache fungu hubanana na maua kupungua, hapo ligawe. Subiri maua yanyauke lakini majani yawe bado ya kijani, yaani mwishoni mwa Februari au mwezi Machi. Chomeka uma wa bustani mbali kidogo na fungu, uinue bonge zima bila kukata mizizi. Litenganishe kwa mikono, vitunguu vitatu hadi vitano pamoja, uvipande saa hiyohiyo kabla mizizi haijakauka. Kina ni kilekile cha mwanzo: pale ambapo rangi nyeupe ya bua inageuka kijani ndipo palipokuwa usawa wa ardhi. Acha sentimita 10 kati ya fungu na fungu, kisha mwagilia hata kama mvua inatarajiwa.

Nashauri pia galantusi inunuliwe hivyo hivyo, ikiwa na majani. Vile vitunguu vikavu vinavyouzwa kwenye pakiti kabla ya baridi ni vidogo, vina ngozi nyembamba, na vikishapoteza maji vingi havifufuki. Eranthisi, lile ua fupi la manjano linalochanua nalo wakati huo, lina tabia hiyohiyo. Ukilazimika kununua viazi vyake vikavu, viloweke usiku mmoja kabla ya kupanda. Na usichimbe porini: nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori inakataza kung'oa mmea wa mwituni bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Krokasi haina mambo mengi. Huchanua Februari na Machi, hufunguka jua likiipiga na kujifunga likijificha, na nyuki wa mwanzo wa mwaka huitegemea sana. Ikiwa imepandwa ndani ya nyasi, mashine ya kukatia nyasi isipite hapo mpaka majani yake yawe manjano. Shomoro huchana petali, hasa za krokasi za njano. Kindi hufukua vitunguu vyake na vya tulipu. Dawa ni kulaza wavu wa kuku juu ya udongo mara tu unapopanda, matundu yawe mapana ya kutosha chipukizi kupenya.

Narsisi ndiyo inayostahili muda wako zaidi, kwa kuwa ikitunzwa vizuri itaishi miaka mingi mahali pamoja. Bustani ndogo ianze na aina fupi kama Tête-à-tête, ambayo haizidi sana sentimita 20 na haianguki upepo ukivuma. Ua likinyauka, kata kichwa chake pamoja na kile kifuko cha mbegu kinachovimba nyuma yake, maana mmea unaotengeneza mbegu unakinyima kitunguu chakula. Bua la kijani libaki, nalo linafanya kazi ya jani. Majani yaachwe angalau wiki 6 tangu maua kuisha. Usiyafunge fundo, usiyasuke, usiyabane kwa mpira ili yaonekane nadhifu. Jani lililokunjwa halipati mwanga wa kutosha. Kama yanakuudhi macho, panda mbele yake mimea inayotanda mwezi Mei iyafiche. Baada ya maua mpe mmea mbolea yenye potasi nyingi. Ile ya maji inayotumiwa kwa nyanya inafaa, ikichanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iepuke, hukuza majani na kulainisha kitunguu kikaoza. Machi au Aprili ikipita bila mvua, mwagilia, kwa sababu ukame wa wakati huo unapunguza maua ya mwakani.

Narsisi ikitoa majani bila ua, chimba fungu moja uangalie kabla ya kulaumu mbolea. Ukikuta vitunguu vingi vidogo vimesongamana, tatizo ni msongamano: vigawe majani yakishakauka, uvipande tena kwa kuachana mara mbili ya upana wa kitunguu. Kikiwa kimekaa juujuu, kirudishe kina cha sentimita 15. Kitunguu kilicho karibu na uso wa ardhi hugawanyika ovyo na hupata joto na ukame. Kibonyeze pia. Chini pakiwa laini na hudhurungi, hilo ni oza la kitako, linaloletwa na ukungu wa udongoni. Kikiwa chepesi na kina buu mmoja mnene ndani, umepatwa na nzi wa narsisi, Merodon equestris, anayefanana na nyuki mkubwa mwenye manyoya. Hutaga mayai karibu na shingo ya kitunguu mwezi Mei na Juni, majani yanapokufa na kuacha tundu udongoni. Vitunguu vilivyooza na vyenye buu vitupe kwenye taka, visiingie kwenye mboji. Kwa vilivyobaki, majani yakikauka kwaruza udongo kwa reki uzibe yale matundu, nzi asipate njia.

Tulipu huchanua baadaye, lakini miezi hii ikague inapochomoza. Chipukizi lililojikunja, lenye majani yenye madoa ya hudhurungi kama limeunguzwa, lina ugonjwa wa Botrytis tulipae. Ling'oe na kitunguu chake chote siku hiyohiyo kabla vumbi la ukungu halijaruka kwenda kwa jirani zake, na mahali hapo usipande tulipu kwa miaka 3. Koa nao hupenda machipukizi haya machanga. Waokote usiku kwa tochi.

Sasa hatari, na hapa naomba tusifanye mzaha. Kitunguu cha narsisi kinafanana mno na kitunguu cha kupikia, na kina sumu ya laikorini inayoleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Majani yake machanga na matumba yake hufanana na mboga za jamii ya kitunguu; mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England iliyataka maduka makubwa yasiyaweke karibu na mboga. Nyumbani kwako usihifadhi vitunguu vya maua jikoni wala stoo ya chakula, na mfuko uandike kwa herufi kubwa. Eranthisi na galantusi zina sumu pia. Vaa glavu unapochuma narsisi nyingi, kwani utomvu wake huwasha ngozi. Utomvu huo huharibu maua mengine kwenye chombo kimoja: ziweke narsisi peke yake majini kwa saa kadhaa, mwaga maji hayo, kisha zichanganye na tulipu bila kuzikata mabua tena.

Kuna wanaotamani kubeba vitunguu hivi kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Sishauri. Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi chini ya nyuzi 9 hivi ili ua liinuke, na pwani hakuna usiku wa namna hiyo. Unaweza kuvipa baridi hiyo kwenye friji, mbali na matofaa, kwa maana gesi ya matunda yanayoiva huua ua changa lililo ndani ya kitunguu. Lakini utapata ua la mara moja tu. Tena kuingiza vitunguu vya kupanda kunahitaji cheti cha afya ya mimea. Anayetaka ua linalochomoza ghafla toka ardhini huko nyumbani ana Scadoxus multiflorus, lile tufe jekundu linaloibuka mvua zinapoanza, ambalo ni la Afrika kwa asili. Nalo lina sumu, watoto wawekwe mbali.

Wakati maua yako wazi ndipo pa kuona mapengo, kwa sababu ikifika Septemba ardhi itakuwa tupu na hutakumbuka kilipo nini. Chomeka vijiti vyenye jina na rangi kila penye kitunguu na kila palipo wazi, au piga picha ukiwa umesimama mahali palepale kila wiki. Narsisi mpya zipande Septemba, kwa kuwa huanza mizizi mapema. Krokasi Septemba au Oktoba, kina cha sentimita 8 hadi 10. Tulipu isubiri Novemba, udongo ukishapoa na magonjwa ya ukungu kupungua nguvu. Pasipo na kipimo kwenye pakiti, chimba shimo lenye kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu, ncha iangalie juu. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji uchanganye kwanza na changarawe na mboji, eneo zima na si ndani ya shimo tu, la sivyo kila shimo litageuka kidimbwi majira ya baridi.