Sebule ina giza mchana: tubomoe ukuta?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nyumba yetu iko Isamilo, Mwanza, mlimani. Mbele inatazama ziwa upande wa magharibi, nyuma tumekaribiana na jabali. Sebule ina upana wa mita 4 na kina cha mita 6, na dirisha lake ni moja tu, la aluminiamu, linatokea barazani. Hata saa saba mchana tunawasha taa. Mume wangu anataka tubomoe ukuta wa mbele tuweke kioo toka chini hadi juu, na fundi anasema inawezekana. Mimi naogopa gharama, naogopa na nyufa. Tufanyeje?

JIBU: Salama, mama. Kabla fundi hajashika nyundo, fanya jaribio lisilo na gharama. Kaa kwenye kochi la mwisho, lile lililo mbali kabisa na dirisha, utazame nje. Unaiona mbingu? Kwa ulivyoeleza, nadhani utaliona paa la baraza, na chini yake maji ya ziwa, ila mbingu kidogo sana au hapana. Sasa sogea mbele taratibu mpaka kipande cha mbingu kianze kuonekana, upige mstari wa chaki sakafuni. Nyuma ya mstari huo chumba kinaishi kwa makombo: mwanga uliokwisha kugonga sakafu, ukuta na dari ndipo ukafika.

Mwanga wa mchana hutoka kwenye anga zima, siyo kwenye jua peke yake, na unaoingia ndani zaidi hupitia sehemu ya juu ya dirisha. Sisi hukadiria kwamba unafika umbali wa mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha dirisha kutoka sakafuni hadi kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha. Linta za nyumba zetu nyingi ziko mita 2.1, kwa hiyo ni kama mita 4 hadi 5, tena pale ambapo hakuna kitu mbele ya dirisha. Ninyi mna baraza mbele na chumba cha mita 6. Mkishusha kioo hadi chini mtaiona sakafu ya baraza vizuri, lakini mstari wa chaki hautasogea hata hatua moja, maana anayeificha mbingu ni paa la baraza, naye atakuwa bado yupo.

Halafu kuna jua la magharibi. Hapa Mwanza jua linafika utosini kwenye saa saba mchana na kuzama karibu na saa moja jioni, kwa hiyo mchana wetu una jioni ndefu. Kuanzia saa kumi hivi jua liko chini kiasi cha kupenya chini ya paa la baraza, na maji ya ziwa nayo yanamulika. Nimeingia nyumba nyingi za mlimani zenye vioo vya namna hiyo: mapazia mazito yamefungwa na taa zinawaka saa kumi jioni! Na fundi akisema inawezekana, muulize uzito wa paa utabebwa na nini ukuta ukiondoka, na boriti hiyo ataikalisha juu ya nguzo zipi. Asipokuwa na jibu, woga wako wa nyufa una haki.

Mimi ningeanza na paa la baraza. Ondoeni bati mbili au tatu zilizo mbele ya dirisha, weka za plastiki angavu. Migongo yake lazima ifanane na ya bati mlilonalo, la sivyo maji yatapita kwenye maungio, na misumari iwe na washa za mpira. Chagua zenye rangi ya maziwa badala ya zile za kuona kama kioo, ili mwanga utawanyike na jua la saa saba lisiwachome walioketi. Kama baraza lina dari, ikatwe pale pale. Bati hizi huanza kuwa za njano baada ya miaka kadhaa ya jua, kwa hiyo ujue utakuja kuzibadilisha.

La pili ni dirisha lenyewe. Hukuniambia kioo chake, lakini nyumba nyingi za aluminiamu hapa zina tinti ya kahawia. Kioo cheupe hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga, hicho cha kahawia kama nusu tu. Chini ya baraza tinti haina kazi ya kufanya, badilisheni vioo, fremu ibaki. Na wavu uoshwe. Wadudu wa ziwani wakishatua na vumbi likafuata, wavu unageuka kuwa pazia, na watu hawauangalii kwa sababu umechafuka polepole.

Kuhusu rangi, sijui kwa nini tunapenda damu ya mzee kwenye nusu ya chini ya ukuta. Najua, haionyeshi mikono ya watoto. Lakini rangi hiyo hurudisha kama sehemu moja ya kumi ya mwanga unaoipiga, wakati nyeupe hurudisha kama nane. Yale makombo niliyokutajia yanategemea hapo. Dari iwe nyeupe kabisa, kuta krimu au nyeupe, na kwa ajili ya mikono ya watoto tumia rangi inayooshwa. Zulia jeusi nalo lihamie chumbani.

Jabali la nyuma usiliogope. Kama kuna dirisha la jikoni au la korido linalolitazama, lipake chokaa nyeupe kuanzia usawa wa dirisha kwenda juu. Jiwe la kijivu linameza mwanga, likiwa jeupe linakuwa anga la pili. Mvua zitaiosha chokaa, utarudia kila mwaka, na ndoo ya chokaa ni bei nafuu kuliko kazi yoyote niliyotaja hapa.

Yote hayo yakishindwa, ndipo tuzungumzie ukuta, na hata hapo siyo ule wa mbele. Hesabuni tofali zilizo juu ya linta mpaka kwenye paa, kwenye ukuta wa pembeni unaotazama kaskazini au kusini. Zikiwa kozi (mistari ya tofali) tatu au nne, panatosha kufungua vidirisha vyembamba juu ya linta bila kuigusa, kila kimoja kikiwa na kilinta chake kidogo juu. Upande huo jua liko juu siku nyingi za mwaka, na upenu wa kawaida wa paa unalizuia. Nipigie picha ya ukuta huo ukiwa nje, pamoja na baraza, nione kama paa linakaa juu yake.